Kabla ya kuchonga bloku, kagueni mipira ya hewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na waendesha bodaboda, matajiri wanaowapa vijana pikipiki kwa mkataba, mafundi wenzangu na wauza spea. Jambo langu ni moja. Pikipiki kuukuu zinachongwa bloku, yaani silinda inapanuliwa, na kuwekwa pistoni na ringi mpya tena na tena, huku ugonjwa wenyewe ukiwa kwenye mipira miwili ya njia ya hewa ambayo hakuna aliyeigusa. Injini inafunguliwa, inafungwa, inalipiwa, kisha inarudishiwa mpira uleule uliopasuka. Kijana anakosa hesabu ya tajiri kwa siku kadhaa, na baada ya muda mfupi moshi unarudi. Lawama anapewa fundi wa kuchonga au "pistoni feki".

Nazungumzia pikipiki za kabureta: Honda CG125, ambayo ilianza kutoka mwaka 1976, na ndugu zake wengi wa Kichina wa cc 125 na 150 walioiga injini hiyo; pia Yamaha DT na AG za tustroki ambazo bado zinahangaika vijijini. Hewa inaingia kwenye boksi la ea klina, inapita kwenye sponji au karatasi ya kuchujia, inaingia mpira wa nyuma unaounganisha boksi na kabureta, inapita kabureta, kisha inapita menifoldi hadi kwenye silinda. Menifoldi ya pikipiki nyingine ni ya aluminiamu yenye oringi (pete ya mpira ya kuzibia) na kipande cha plastiki ngumu cha kuzuia joto. Nyingine ni mpira uliogandishwa kwenye bamba la chuma, na huo ndio mafundi wengi wanauita mpira wa kabureta. Kwa hiyo kuna mpira wa nyuma na kuna mpira wa mbele, na kila mmoja ukitoboka unaleta ugonjwa wake. Kutojua tofauti hii ndiko kunakomaliza hela za watu.

Tuanze na wa nyuma, maana huo ndio muuaji wa kimyakimya. Ukipasuka, hewa isiyochujwa inaingia, lakini bado inapita ndani ya kabureta. Kabureta inaipima na kuipa petroli yake karibu kama kawaida. Pikipiki inawaka, inavuta, sailensa (mlio wa injini ikiwaka bila kuvuta mafuta) inatulia, na dereva haoni kasoro yoyote. Wengine hata wanaona imechangamka. Hakuna mlio wala kumisi wa kumwambia kitu. Kinachoingia ni vumbi.

Hesabu ya vumbi hilo si ya kubahatisha. Injini ya cc 125 ya fostroki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta pumzi mara 3,000, yaani mara moja kila mizunguko miwili, kila pumzi ikiwa robo ya nusu lita. Silinda ingekuwa inajaa kabisa, hizo ni lita 375 kwa dakika. Kwa kuwa haijai kabisa, chukua lita 300. Kwa saa moja ni lita 18,000, sawa na hewa yote ya chumba cha mita 3 kwa 2 chenye dari la mita 3. Sasa fikiria barabara ya udongo mwekundu wakati wa kiangazi, lori limetangulia, na pikipiki inavuta chumba kizima cha hewa ile kila saa kupitia ufa wa mpira. Mchanga laini uliomo kwenye vumbi una ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na chuma cha silinda hakifikii hapo. Nafasi kati ya pistoni na silinda ikiwa mpya ni sehemu chache za mia za milimita tu. Chembe ndogo hata usiyoiona kwa macho inatosha kukaa kwenye utando wa oili na kufanya kazi ya msasa.

Ndiyo maana bloku iliyokufa kwa vumbi ina alama zake, na ninaomba mafundi wazitazame kabla ya kuipeleka kuchongwa. Ringi ya juu imelika kuliko zote. Ukuta wa silinda una mikwaruzo mingi membamba inayoshuka wima, na pale juu ambapo ringi ya kwanza inageuza, kucha inakwama kwenye ngazi. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta na ndani ya menifoldi: ukikuta unga wa rangi ya barabara uliochanganyika na mafuta, usitafute mchawi. Injini iliyokufa kwa kukosa oili haiachi unga huo.

Mpira wa mbele una tabia tofauti kabisa. Kabureta inatoa petroli kulingana na hewa inayopita kwenye koo lake. Hewa inayojipenyeza baada ya hapo haikupita kwenye koo, kwa hiyo haikuhesabiwa. Petroli inakuwa pungufu kwa hewa iliyoingia. Petroli ili iungue sawasawa inataka hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja, na injini ikitaka nguvu inapenda petroli zaidi ya hapo, si pungufu. Ikipungukiwa inachelewa kuungua, joto linapanda, plagi inakuwa nyeupe kama chokaa, na ekzosi inapiga ukiachia mkono wa mafuta ghafla.

Dalili anayoiona dereva ni sailensa. Asubuhi pikipiki inawaka vizuri. Ikishapata moto, sailensa inapanda yenyewe, au ukiachia mafuta resi (kasi ya injini) inaning'inia juu sekunde kadhaa ndipo ishuke. Sababu ni kwamba wakati wa sailensa slaidi ya kabureta, yaani kile kizibo kinachopanda ukivuta mafuta, imefunguka upenyo mdogo sana, kama unene wa ukucha. Tundu la milimita 2 kwenye mpira ni kubwa likilinganishwa na upenyo huo. Mafuta yakifunguliwa yote, mvuto nyuma ya slaidi unapungua na tundu lilelile halionekani kuwa na maana. Kwa hiyo pikipiki inakimbia vizuri barabarani lakini inasumbua kwenye foleni na kituoni.

Hapa ndipo kosa la pili linafanyika. Fundi anaona sailensa haitulii, anachezea skurubu ya hewa, anapandisha sindano ya kabureta ngazi moja, na mwisho anafunga jeti (kitundu cha kupimia petroli) kubwa zaidi. Sailensa inatulia kweli, kwa sababu ameongeza petroli ya kufidia hewa ya wizi. Lakini kwenye mwendo mkubwa, ambako ule ufa hauna uzito, petroli sasa imezidi. Plagi inakuwa nyeusi, moshi mweusi unatoka, na dereva analalamika kwamba lita moja haimfikishi ilikokuwa inamfikisha. Jeti haiwezi kutibu mpira. Rudisheni jeti ya kiwandani kwanza, kisha tafuteni ufa.

Kwenye tustroki hali ni mbaya zaidi. Ikiwa oili inachanganywa kwenye tanki, petroli ikipungua na oili imepungua pamoja nayo. Pistoni inapata joto wakati uleule inapokosa kulainishwa, na mwisho wake ni kukamata mwendoni. Mwenye DT au AG asiendeshe hata kilomita moja ya mwendo mkubwa akijua mpira wake wa mbele una ufa.

Kupima hakuhitaji mashine. Kwanza ondoa shaka ya waya: washa, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Sailensa ikipanda kwa kugeuza, ni waya wa mafuta umebana. Urekebishe uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kwenye mkono. Isipopanda, injini ikiwa ya moto vuta choki kidogo. Ikiwa mlio unatulia badala ya kuharibika, injini ina njaa ya petroli, na hewa ya wizi ni mshukiwa wa kwanza.

Kisha chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Injini ikiwa sailensa, puliza ukungu wa maji kwenye kiungo kimoja kwa wakati mmoja: menifoldi inapokutana na silinda hedi, kabureta inapokutana na menifoldi, na kuzunguka mpira wote hadi upande wa chini usioonekana. Maji yakifika kwenye ufa yanavutwa ndani na kuuziba kwa sekunde moja, na mlio unabadilika hapohapo. Ukungu tu, si kumwagia, na usielekeze kwenye kofia ya plagi. Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Kwa kweli inaonyesha haraka, lakini unapulizia moto juu ya injini ya moto yenye cheche, na nawasihi wenzangu waache. Kutafuta ufa kwa moshi wa udi au wa dawa ya mbu nako kuachwe kabisa, maana vinawaka moto karibu na kabureta.

Kipimo cha tatu ninakipenda kwa sababu hakidanganyi. Vua mpira wa nyuma kwenye kabureta, washa, iache sailensa, kisha ziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Usiweke uso karibu, maana injini yenye petroli pungufu inaweza kurudisha moto. Injini nzima inatakiwa izime ndani ya sekunde moja au mbili. Ikiendelea kuhema huku mdomo umezibwa, inapumua mahali pengine.

Kwa mpira wa nyuma maji hayasaidii sana, kwa kuwa mvuto hapo ni mdogo. Fungua boksi, toa ea klina, subiri giza au ingia kivulini, kisha ingiza tochi ndogo ndani ya mpira na utazame nje. Mwanga unaotoka ni njia ya vumbi. Ukunje mpira kwa vidole unapotazama, hasa kwenye mikunjo ya kama kodiani na pale unapoingia kwenye ukuta wa boksi, kwani nyufa nyingi hujificha hadi mpira upinde. Usiporidhika, paka grisi nyembamba ndani ya mpira kuuzunguka wote, funga, fanya kazi siku tatu au nne za vumbi, kisha fungua. Grisi ikibaki safi, uko salama. Ikiwa na mstari wa vumbi, mstari huo unakuelekeza ufa ulipo. Vumbi likiwa limesambaa kote sawasawa, tatizo ni ea klina yenyewe au kiti chake, si mpira.

Sasa kuhusu viraka. Kwa nini mpira wa mbele unakufa? Joto la silinda upande mmoja, mvuke wa petroli ndani, mtetemo mchana kutwa, na jua. Mpira wa tyubu ya baiskeli au ya pikipiki haukutengenezwa kwa ajili ya petroli: ukilowana unavimba, unalainika na kulegea. Gundi ya silikoni ya kawaida nayo inalainika kwa mvuke wa petroli, inabanduka ndani vipande vipande, na kipande kinaweza kuishia kwenye kiti cha valvu. Gundi ngumu ya chuma inashika siku moja, kisha mpira unacheza, gundi haichezi, na ufa unafunguka pembeni yake. Mpira wa mbele haupigwi kiraka. Unabadilishwa.

Wa nyuma una nafuu kidogo. Aliye mbali na duka anaweza kuukwangua kwa msasa upande wa nje, kuufuta hadi usiwe na mafuta hata kidogo, kupaka solusheni ya kuzibia pancha, kusubiri ikauke hadi isishike kidole, kisha kubandika kiraka cha pancha kipana kuliko ufa kwa sentimita mbili kila upande. Kitamsogeza wiki chache hadi apate mwingine. Utepe wa umeme hausogezi hata wiki, kwani ukipata joto gundi yake inageuka ute na utepe unateleza. Na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa waya, ambao unaonekana kwenye pikipiki nyingi mno, hauzuii kitu chochote.

Kuna tabia nyingine inayoniuma: kuvua mpira wa nyuma na boksi lake lote, kabureta ikabaki mdomo wazi, eti pikipiki ipate nguvu na mlio. Hewa inakuwa nyingi kuliko jeti iliyokuja na kabureta, na vumbi linaingia bila kizuizi. Kuna hasara ya tatu ambayo haizungumzwi. Ule mpira wa nyuma ndio pia unaoshika kabureta isitikisike. Ukiuondoa, uzito wote wa kabureta unaning'inia kwenye mpira wa mbele, unatikisika mchana kutwa, na mpira unachanika pale ulipogandishwa na chuma. Aliyetaka nguvu anajikuta na magonjwa yote mawili.

Katika kununua, nenda na mpira wako wa zamani mkononi, hata kama umekatika. Jina la pikipiki halitoshi, maana kabureta zimeshabadilishwa mara nyingi: pikipiki iliyotoka na kabureta ya PZ26 leo ina ya PZ27, na mdomo wake si uleule. Pima kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya) vitu vinne: upana wa nje wa mdomo wa kabureta, upana wa tundu la boksi, urefu kutoka boksi hadi kabureta, na upande ambao mpira unapindia. Mpira uvae mdomo wa kabureta angalau sentimita moja. Ukilazimika kuunyoosha ili ufike, usiuchukue. Utavaa leo, na mtetemo utauvua kesho.

Uminye kwa kucha: mpira mzuri unarudi, mbaya unabaki na alama au haubonyei kabisa. Ukunje na utazame mgongo wa mkunjo kwenye mwanga. Nyufa nyembamba kama za ngozi kavu zinaonyesha umezeekea dukani. Hapa nina ombi kwa wauza spea: msitundike mipira nje mlangoni kama mapambo. Jua linaizeesha, na mteja ananunua mpira mpya wenye umri wa mzee. Iwekwe ndani, gizani, kwenye mfuko, na mkiandika upana wa mdomo kwa milimita juu ya mfuko mtawaokoa wateja wengi na safari ya kurudi. Chungulia ndani pia, kwani mipira mingine ina ukingo uliobaki kiwandani ambao unaziba njia. Huo ukatwe kwa wembe kabla ya kufunga. Mpira laini kupita kiasi nao ni balaa: resi ikipanda unafyonzwa na kujikunja ndani, pikipiki inakabwa kama mtu aliyezibwa pua, ukizima unarudi umbo lake na hakuna anayeuona.

Kufunga kunataka subira kuliko nguvu. Funga koki ya petroli, mwaga petroli ya bakuli la kabureta kwenye chupa. Legeza klipu zote mbili. Legeza bolti za boksi la ea klina, kwa kawaida mbili au tatu za spana namba 10, ulisukume nyuma sentimita moja au mbili. Hatua hii wengi wanairuka, wanavuta mpira kwa plaizi na kuuchana, kisha wanasema ulikuwa umechoka. Kabureta ikitoka, ziba tundu la silinda hedi kwa kitambaa safi, na ukumbuke kukitoa.

Kwa menifoldi ya aluminiamu, tazama oringi. Nzuri inasimama juu ya mfereji wake. Iliyolala sawa na chuma imekwisha. Uso wa kabureta nao uuweke juu ya kioo. Ukicheza, umepinda kwa sababu mtu alikaza bolti kwa hasira, na kadiri unavyokaza masikio mawili ndivyo katikati inavyoinuka. Bandika msasa namba 400 juu ya kioo, toa oringi na vitu vyote vinavyotoka, usugue uso huo kwa mzunguko wa namba nane hadi alama za msasa zienee kote. Osha vizuri kabisa, kwani unga wa msasa ni vumbi lilelile tunalolikimbia. Bolti za M6 hapo zinataka nguvu ya kama niutoni mita 10, yaani kifundo cha mkono kwenye spana fupi, si bega. Kaza moja kidogo, nyingine kidogo, mpaka zote zifike. Silikoni haihitajiki hapo. Uso ukiwa bapa na oringi ikiwa nzima, kiungo kinaziba chenyewe.

Mpira mgumu ulowekwe kwenye maji ya moto dakika 10, si kwenye miale ya moto. Paka maji ya sabuni kwenye midomo yake. Oili ya injini isitumike, kwa sababu inavimbisha baadhi ya mipira na kuifanya iteleze baadaye. Anza upande wa boksi. Mpira mwingi una mfereji unaokaa kwenye ukuta wa boksi, na mfereji huo lazima uingie kuzunguka wote. Pitisha kidole ndani, ukihisi sehemu moja imekunjamana, toa uanze upya. Kisha uvalishe kabureta, ulinganishe alama au pengo kama lipo, ndipo ukaze klipu, na bolti za boksi ziwe za mwisho kabisa. Ukitangulia kukaza boksi, mpira unavutwa upande mmoja na utachanika hapohapo baada ya wiki kadhaa.

Klipu ikazwe mpaka isizunguke kwa vidole, basi. Zile za kiwandani zina kijibomba kwenye skurubu kinachozuia kukaza kupita kiasi. Mafundi wanakitupa wakidhani ni takataka. Kirudisheni. Waya wa kufungia unakata mpira kama kisu, na kamba za plastiki zinalegea kwa joto.

Kuna mirija midogo inayosahaulika. Mrija wa kupumulia injini unatoka kwenye injini na katika pikipiki nyingi unaingia kwenye boksi au mpira wa nyuma, upande ambao hewa imekwisha chujwa. Ukichomoka na tundu likabaki wazi, umefungua mlango wa vumbi baada ya ea klina, na usafi wote wa sponji unakuwa kazi bure. Chini ya boksi kuna mrija wa kutolea maji na oili wenye kizibo. Umwage kila mara baada ya mvua kubwa ya masika na uurudishe kizibo chake. Na kwenye menifoldi za baadhi ya pikipiki kuna chuchu ndogo ya mvuto, nyembamba kuliko kalamu, yenye kikofia cha mpira. Kikofia hicho kikipasuka au kikipotea, dalili zote za mpira wa mbele zinajitokeza, mtu ananunua menifoldi mpya na kuhamishia kikofia kilekile kibovu. Kikagueni kabla ya kununua chochote.

Sponji ya ea klina ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ikaushwe kivulini, ilowekwe kwenye oili ya gia ya 80-90 na ikamuliwe kwa viganja bila kusokotwa. Petroli isitumike, inakula gundi na ni hatari ya moto. Sponji kavu haishiki vumbi laini. Ya karatasi haipakwi oili kamwe. Inapulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikiwa imelowa inabadilishwa. Kwa barabara za vumbi, muda unaotajwa kwenye kitabu cha pikipiki ukatwe nusu.

Mipira ikishakuwa mizima, kabureta irudishwe mahali pake. Kaza skurubu ya hewa taratibu mpaka iguse, usiibane, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Pasha injini dakika tano hadi kumi. Weka sailensa kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, geuza skurubu ya hewa robo robo ukitafuta mahali mlio unapokuwa juu na laini, kisha ushushe sailensa tena. Ikiwa mahali hapo panapatikana kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu, njia ya hewa imetulia. Ukilazimika kutoka nje ya mipaka hiyo, huenda bado kuna hewa ya wizi au jeti ya sailensa imeziba. Endesha kama kilomita 100, kisha fungua plagi: rangi ya kahawia hafifu kama ya ufinyanzi ndiyo tunayoitaka.

Ombi langu la mwisho ni kwa matajiri wa mikataba. Pikipiki ikiletwa na moshi na fundi akataja bloku, mwambie akuonyeshe kwanza mpira wa nyuma ukiwa umevuliwa na kukunjwa mbele ya macho yako, na uso wa kabureta ukiwa juu ya kioo. Kazi hiyo haifiki nusu saa. Na bloku ikichongwa kweli, bei ya mipira yote miwili, oringi na ea klina mpya iingizwe kwenye hesabu ileile ya pistoni, vifungwe siku hiyohiyo kabla injini haijawashwa.

Fundi pikipiki,
Dodoma